Hesabu ya Fundi wa Lifti

Mara ya kwanza Rabi Avishai alinifungulia mlango nusu.
"Wayahudi wa hapa Dubai ni wachache, na kila mmoja ana shida zake.
Wewe una kazi, una wazazi, una Mungu. Nenda kapumzike."
Nikarudi Karama kwa miguu, nikala wali na dengu.
Mara ya pili alisema yaleyale, mlango robo.
Mara ya tatu akauliza chai yangu huweka sukari ngapi.

Mimi ni mtu wa risiti, basi ziangalie:
vitabu vinne, dirhamu mia tatu na ishirini.
Sufuria mbili mpya, ya maziwa na ya nyama.
Ile ya zamani, iliyojua nguruwe, nikampa Biju wa kitanda cha juu.
Tiketi za mahakimu watatu, tukagawana waongofu watano:
fungu langu, mshahara wa miezi miwili kasoro nauli ya basi.

Jumamosi haimo kwenye risiti.
Msimamizi Farrukh alisema lifti haijui Sabato,
hukwama siku yoyote,
na waliokwama humwita Mungu kwa lugha zote.
Nikabadilishana zamu na Biju:
Jumamosi yangu moja kwa Jumapili zake mbili.
Alikuwa rafiki. Bei ilikuwa bei.

Cheka, nami nilicheka:
mimi niliyefunga vitufe vya minara kumi na tisa,
siku hiyo sigusi hata kimoja.
Mwezi wa saba natembea saa moja u nusu kwenda kusali,
shati limeniganda mgongoni,
wala chupa ya maji sibebi, kubeba nako ni kazi.
Nikirudi, ngazi. Ghorofa kumi na moja.
Kwenye ya saba nilizoea kukaa, viatu mkononi,
na kuuliza swali langu moja:
Ulinihitaji wewe, au nilijialika?
Kimya. Harufu ya vitunguu vya watu.
Nikapanda nne zilizobaki.

"Nilishatahiriwa," niliwaambia mahakimu.
"Zahanati ya Wundanyi, likizo ya Agosti, mjomba kanishika mabega."
Mzee wa katikati akavua miwani, akaifuta.
"Ile alikulipia baba yako. Hii lipa wewe."
Tone moja, kama la kupimia malaria.
Sikujua tone lina uzito.

Kisha bahari, kabla ya jua, kabla ya wakimbiaji na mbwa wao.
Birika la bure, kitu pekee ambacho sikulipia.
Walikunja suruali, wakasimama maji magotini,
nami uchi kama siku niliyokuja duniani.
Zama. Nikazama.
Zama. Nikazama.
Ya tatu, chumvi ikaniingia puani,
na shingoni nikausikia mkono wa baba:
mkono uleule, Mto Voi, mwaka uliokuwa na maji,
mimi wa miaka tisa, yeye mchungaji wa kanisa la mabati,
akinizamisha kwa jina lingine, akicheka kwa furaha.
Nikatoka nikikohoa. Wakadhani nalia.
Hawakukosea sana.

Wakaniandika: Natani, mwana wa Ibrahimu.

Baba alituma sauti, dakika mbili na nukta kumi.
Nyingi ni jogoo, na kiti kinacholalamika.
Mwishoni kabisa:
"Mwakio. Huyo Ibrahimu,
alikulipia karo shule gani?"

Nimeisikiliza kila siku, isipokuwa Jumamosi.
Jibu la vitabuni ninalo. Halifai kumpa.

Tarehe mbili nilipanga foleni pale pa kutumia pesa, Karama,
nyuma ya mpishi wa Kinepali aliyekuwa akihesabu kwa midomo.
Karani akanisukumia fomu.
Jina la mtumaji: Mwakio Mwadime.
Jina la mpokeaji: Mwadime Mghalu.
Uhusiano —
kalamu ilikuwa imefungwa kwa kamba fupi, ikabidi niiname —
mtoto wake.

Alipokea saa nne asubuhi.
Hakusema kitu.
Mwezi uliofuata alipokea tena.